Kuku wa Bukini: Dhidi ya Rai Kwamba Madagaska ni Asia Iliyopotea Njia

Kati ya Madagaska na pwani ya Msumbiji kuna maji ya kilomita 400 hivi. Kati ya kisiwa hicho na Borneo kuna zaidi ya kilomita 7,000. Rai iliyoenea Afrika Mashariki kuhusu wakazi wa kwanza wa Madagaska hushika umbali wa pili na kuusahau wa kwanza. Inasema kwamba Wamalagasi ni Waasia: walipanda vyombo vyao kule Indonesia, wakaikata bahari nzima bila kutua, wakashuka kwenye kisiwa kitupu na kukifanya chao. Waafrika walioonekana huko baadaye waliletwa wakiwa watumwa. Kwa hiyo Madagaska ni kipande cha Asia kilichoegeshwa karibu na Afrika, na habari zake za kale ni za wataalamu wa Java na Sumatra, au kwa uchache za watu wa Lamu na Unguja. Mtu wa Kibwezi, aliyekaa bara kati ya Milima ya Chyulu na Mto Athi, hapati humo ndewe wala sikio.

Rai hii haikuokotwa njiani. Kimalagasi ni lugha ya Kiaustronesia, jamaa ya Kimalei, Kijava, lugha za Ufilipino na hata Kimaori cha New Zealand. Mwaka 1951 Mnorwe Otto Christian Dahl alionyesha kwamba ndugu yake wa karibu ni Kima'anyan, kinachosemwa katika bonde la Mto Barito kusini mwa Borneo. Anayehesabu telo, efatra, dimy, enina, fito kwa tatu hadi saba hakujifunza kuhesabu kwa Wabantu. Majina ya pande za dunia nayo yanasimulia safari. Avaratra, yaani kaskazini, ni neno lile lile ambalo kwa Kimalei, barat, ni magharibi. Atsimo, yaani kusini, ni timur, mashariki. Mabaharia walizipa pande majina ya pepo, na walipofika kwenye bahari ya kusi na kaskazi, dunia yao ikageuka robo nzima huku majina yakibaki yale yale. Kilimo cha mpunga wa majaruba kwenye nyanda za juu na mtumbwi wenye mbao za ubavuni za kuuzuia usipinduke vinaelekeza upande huo huo.

Hayo yote ni kweli, wala hakuna sababu ya kuyabishia. Kasoro iko katika mzigo unaotwikwa juu yake.

Kwanza: lugha kugeuzwa cheti cha kuzaliwa

Kanuni iliyojificha ndani ya rai hii ni kwamba lugha ya watu ikitoka mahali fulani, basi na watu wenyewe wametoka hapo. Ikipimwa Kibwezi, kanuni hii huzaa vichekesho. Mwaka 1891 wamisionari wa Kiskoti walifungua kituo chao hapo. Kufikia 1898 walikuwa wamehamia Kikuyu, kwa kuwa Kibwezi na malaria yake viliwashinda. Ilikuwa miaka saba hivi tu. Leo vibao vingi vya maduka, shule na zahanati kando ya barabara kuu ya Mombasa vimeandikwa kwa Kiingereza. Mtafiti wa mwaka 3000, mwenye vibao hivyo mkononi na kanuni hiyo kichwani, atalazimika kutangaza kwamba wakazi wa Kibwezi walihama kutoka Uskoti, na kwamba weusi miongoni mwao waliletwa baadaye kufanya kazi za mikono.

Anayeona mfano huo ni wa mzaha atazame Visiwa vya Komoro, vilivyo katikati ya njia kati ya bara na Madagaska. Wakomoro husema lugha ya Kibantu iliyo ndugu kabisa na Kiswahili. Kwa kanuni ile ile, basi, wakulima wa kwanza wa Komoro walitoka pwani ya Afrika. Lakini mwaka 2016 Alison Crowther na wenzake walichapisha matokeo ya mabaki ya mimea kutoka maeneo 18 ya kale ya bara, visiwa vya pwani, Komoro na Madagaska. Kwenye bara na visiwa vilivyo jirani nalo, vyungu vilikuwa vya Kiafrika: mtama, uwele, ubuyu. Kwenye Komoro, katika tabaka za karne ya 8 hadi ya 10, kilichotawala ni mpunga na choroko, mazao ya Asia. Yaani watu waliokula Kiasia wakaishia kusema Kibantu. Upande wa pili wa maji, Madagaska, wafugaji walioita mifugo yao kwa Kibantu wakaishia kusema Kiaustronesia. Na ili mkorogo ukamilike, katika kisiwa cha Maore hadi leo kuna vijiji vinavyosema Kibushi, ambacho ni Kimalagasi, jirani na vijiji vinavyosema Kikomoro. Lugha katika mkondo huu wa bahari zilibadilishana watu, na watu wakabadilishana lugha.

Dahl mwenyewe, shahidi mkuu wa rai hii, ni shahidi anayenukuliwa nusu. Miaka michache baada ya kitabu chake cha 1951 alirudi na hoja nyingine: Kimalagasi kimepitia vinywani mwa Wabantu. Maneno ya Kimalei na ya Kima'anyan huishia kwa konsonanti bila taabu. Ya Kimalagasi huishia kwa vokali. Langit, mbingu, limekuwa lanitra. Kulit, ngozi, limekuwa hoditra. Anak, mtoto, limekuwa anaka, na zanaka. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa kinachotendeka hapo, kwa sababu ndicho alichokitendea kitab cha Waarabu hadi kikawa kitabu, na bank ya Waingereza hadi ikawa benki. Wapo wanaisimu wanaotafuta sababu nyingine ya vokali hizo, na mjadala wao ni halali. Lakini wanaosimama kwenye bega la Dahl ili waione Borneo wangegeuza shingo kidogo wakaona alichokuwa akionyesha kwa mkono wa pili.

Pili: banda la kuku

Hapa ndipo rai inapovunjika vibaya, na ndipo mkazi wa Kibwezi ana ushahidi uani kwake kuliko profesa wa Jakarta.

Ng'ombe kwa Kimalagasi ni omby. Mbuzi ni osy. Kondoo ni ondry. Mbwa ni amboa. Punda ni ampondra. Kanga, yule ndege wa madoadoa, ni akanga. Kuku ni akoho. Orodha hii haihitaji kamusi, inahitaji sikio. Mkamba husema ng'ombe, mbui na nguku. Mswahili husema ng'ombe, mbuzi na kuku. Mkomoro humwita kuku nkuhu. (Kwa mbwa, Kikamba kimekwenda njia yake na kusema ngiti, jambo linaloonyesha kwamba Mmalagasi katika neno hilo yu karibu zaidi na Mswahili kuliko alivyo Mkamba.) Timu ya taifa ya Madagaska, iliyowatoa Harambee Stars wa Kenya kwa penalti katika robo fainali ya CHAN uwanjani Kasarani Agosti 2025, inaitwa Barea, kwa jina la aina ya ng'ombe wa kisiwa hicho. Huenda ni kipigo cha pekee katika historia ya soka ya Kenya kilichotoka kwa zizi lililojaa majina ya jamaa.

Watetezi wa rai wana jibu lao: kila jamii huazima maneno, na mgeni anayekuta mnyama mpya humwita kwa jina la mwenyeji. Jibu hilo lina maana kwa ng'ombe, na lina maana kwa kanga ambaye ni ndege wa Afrika. Ila linawageukia wenyewe, kwa sababu linakiri kwamba mwenyeji alikuwepo, mwenye ng'ombe, na kwamba mgeni alikaa naye kwa muda wa kutosha kujifunza zizi zima, kuanzia beberu hadi punda. Ng'ombe hawaogelei kilomita 400. Kuna watu waliowapakia chomboni, wakawapa maji njiani, wakawashusha wakiwa hai, wakajua namna ya kuwazalisha. Maarifa hayo hayakutoka bondeni mwa Barito.

Lakini kuku ndiye anayemaliza ubishi. Kuku si ndege wa Afrika. Asili yake ni kusini-mashariki mwa Asia, jirani kabisa na nyumbani kwa wale mabaharia. Kimalei kinamwita ayam. Wafilipino humwita manok. Kama Waaustronesia wangekuja moja kwa moja na shehena yao kamili, kuku angekuwa kiumbe wa mwisho kupata jina la kigeni. Ni kama Mkamba kurudi kutoka Mombasa akiwa amesahau jina la mtama na kulazimika kuliazima kwa Mgujarati. Hata hivyo kuku wa Madagaska ana jina la Kibantu. Mwaka 2017 utafiti wa vinasaba vya kuku wa kisiwa hicho ulikuta kwamba ukoo wao unaelekea Afrika Mashariki, wala si Indonesia moja kwa moja. Miaka miwili kabla, utafiti mwingine uliwachunguza mbwa, nao ukawaona ni wa Afrika. Kwa maneno mengine, kuku aliyezunguka Bahari ya Hindi, akafika pwani ya Zanj, yaani ya Afrika Mashariki, akapewa jina na Wabantu, ndiye aliyevuka kwenda Bukini, yaani Madagaska, akiwa Mwafrika kamili. Wale mabaharia, kama waliwahi kuwa na kuku wao, hawakufika naye. Au walifika naye na akatoweka. Kwa vyovyote walilazimika kuanza upya kutoka banda la jirani.

Ikumbukwe pia kwamba mpunga, vary, hauna jina la Kibantu. Anayetazama chakula cha Kimalagasi kwenye sahani moja, wali na kipande cha nyama ya ng'ombe, anatazama mikono miwili. Rai iliyoenea inaona wali peke yake.

Tatu: Waafrika wasiojua maji

Nguzo ya tatu haisemwi kwa sauti sana, kwa kuwa ikisemwa kwa sauti huona haya. Inadhani kwamba Mwafrika hakuwa na chombo cha kuvuka bahari. Basi kila mtu mweusi aliyekutwa kisiwani alibebwa.

Mwandishi wa Kigiriki wa karne ya 1, aliyeandika mwongozo wa biashara ya bahari hii, alitaja kwenye pwani ya Afrika Mashariki mashua za mbao zilizoshonwa kwa kamba. Ni ukoo ule ule uliokuja kuzaa mtepe. Unguja Ukuu na Shanga zilikuwa na watu na biashara ya bahari kabla ya karne ya 8 kwisha. Mahilaka, kaskazini-magharibi mwa Madagaska, ulikuwa mji wa biashara wenye kuta za mawe, wenye uhusiano na Komoro na pwani ya Waswahili. Wakazi wa bandari za upande huo waliitwa Antalaotra, watu wa bahari. Kwa kupitia visiwa vya Komoro, kutoka bara hadi Ngazija, kutoka Ngazija hadi Nzwani, kutoka Nzwani hadi Maore, kutoka Maore hadi Madagaska, hakuna hatua inayofikia kilomita 400. Anayekubali kwamba mashua ya Borneo ilivuka kilomita 7,000 na papo hapo anakataa kwamba mashua ya Zanj ingevuka 300 amekwisha kuamua kabla ya kupima maji.

Historia ya rai hii ina tukio moja la kuchekesha kuliko yote. Alfred Grandidier, Mfaransa aliyezuru Madagaska kati ya 1865 na 1870 na kuandika juzuu nyingi juu yake, alishikilia kwamba Wamalagasi wote kimsingi ni Waasia. Tatizo lake lilikuwa macho: watu wa pwani walikuwa weusi wenye nywele za kipilipili, kama watu wa Msumbiji waliokuwa ng'ambo ya maji. Suluhisho lake? Weusi huo, alisema, ulitoka Melanesia. Yaani ili asikubali kwamba watu walivuka mlango wa Msumbiji, alikwenda kuwatafuta weusi wengine jirani na New Guinea, upande wa pili wa Bahari ya Hindi na zaidi, akawavusha wote. Gabriel Ferrand alimpinga akisema Wabantu walitangulia kisiwani. Ferrand naye alikwenda mbali kuliko ushahidi wake, lakini angalau alitazama ramani.

Kiswahili chenyewe hakijawahi kuona Madagaska kama nchi ya ajabu. Kina jina lake la kale, Bukini, na Wakomoro wana lao, Bushi. Mahali pasipofikika hapapewi jina la nyumbani.

Nne: watumwa, na watumwa tu

Biashara ya watumwa kwenda Madagaska ni ya kweli, na ilikuwa katili. Katika karne ya 19 maelfu ya watu walichukuliwa kutoka Msumbiji. Wazao wao upande wa magharibi wa kisiwa wanaitwa Makoa hadi leo, kwa jina la Wamakua. Huko Imerina, kwenye nyanda za juu, waliitwa Masombika, na waliachiwa huru kwa amri ya kifalme mwaka 1877, miaka 19 kabla ya Wafaransa kufuta utumwa wote kisiwani.

Rai iliyoenea hulichukua jambo hilo la karne ya 19 na kulirudisha nyuma miaka elfu. Vinasaba havikubali. Mradi uliochapisha matokeo yake mwaka 2017 ulichunguza watu kutoka vijiji 257 kote kisiwani. Asili ya Kiafrika ilionekana kuwa zaidi ya nusu kwa kisiwa kizima, asili ya Kiasia zaidi ya theluthi. Nyanda za juu zina Asia zaidi, pwani zina Afrika zaidi, na pande zote mbili zinaonekana kila pembe. Kuchanganyika huko kulianza karne nyingi kabla ya meli za Makoa. Upande wa baba, Afrika inaonekana kwa nguvu kuliko upande wa mama. Hii ni sura ya kuoana, siyo ya soko la watumwa peke yake.

Kuna hesabu moja ya mwaka 2012 inayopendwa sana: kwamba wanawake 30 hivi, karibu wote wa asili ya Indonesia, ndio waliozaa Madagaska yapata miaka 1,200 iliyopita. Hesabu hiyo ilitokana na vinasaba vinavyorithiwa kwa mama peke yake. Magazeti yaliichukua kama hadithi ya chombo kilichopotea na mabibi 30. Mabwana zao hawakuulizwa walikuwa wapi. Laiti wangeuliza, wangewakuta zizini na akina omby.

Tano: kisiwa kitupu na siku moja ya kufika

Rai inapenda meli moja, tarehe moja, ufukwe mmoja. Ni tamaa ya kawaida ya masimulizi ya asili. Lakini mwaka 2018 ilichapishwa ripoti ya mifupa ya ndege tembo, yule mkubwa asiyeruka ambaye sasa ametoweka, yenye alama za kukatwa kwa zana na umri wa zaidi ya miaka 10,000. Wapo wanaakiolojia wasiokubali kwamba alama hizo zilitiwa na binadamu, na ubishi huo haujaisha. Simulizi za Kimalagasi zenyewe zinawataja Vazimba, watu waliotangulia. Ukichukua ripoti hiyo au ukiiacha, meli moja haiwezi kubeba kila kitu.

Kaunti ya Makueni, kilipo Kibwezi, ina mwalimu mzuri wa jambo hili. Kwenye mwamba wa Nzaui, Wakamba husimulia, Mulungu aliwashusha watu wa kwanza, na nyayo zao zikabaki kwenye jiwe. Wakamba hao hao husimulia pia kwamba walitoka upande wa Kilimanjaro, wakapita Chyulu, hadi Mbooni. Wazee wanaosimulia hadithi zote mbili hawaoni haja ya kuifuta moja ili nyingine ikae. Wasomi wa Madagaska walichukua karne nzima kufika hapo.

Sita: upande wa pili wa kosa

Kuna jamaa wa rai hii anayeonekana kuipinga kumbe anakula sahani moja nayo. Anasema Waindonesia hawakupita Afrika bila kuigusa. Waliigusa sana, hata kila kitu kizuri kikatoka kwao. Mwaka 1964 A. M. Jones, padri aliyefanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, alichapisha kitabu kizima kudai kwamba marimba za Afrika, mpaka za Afrika Magharibi, zilitoka Indonesia, na kwamba Waindonesia waliwahi kuwa na makoloni barani. Ushahidi wake ulikuwa mpangilio wa sauti, na mpangilio wa sauti ni kitu kinachoweza kufanana bila kukutana. Mwafrika anayepewa bahari yote anakuwa hajui kusafiri. Mwafrika anayepewa bara lote anakuwa hajui kuchonga mbao.

Ndizi ni habari nyingine, kwa kuwa hiyo kweli ilitoka huko. Asili yake ni New Guinea na kusini-mashariki mwa Asia. Wanahistoria wanabishana juu ya njia iliyopita na wakati ilipofika. Lakini migomba inayoliwa haina mbegu za kupanda. Haipeperushwi na upepo wala haibebwi na ndege. Inakwenda kwa chipukizi lililochimbwa na kupandwa na mkono, kisha jirani akaomba lake. Ndizi zilizo Buganda na Bukoba zilifika huko kwa mikono ya wakulima wa bara, chipukizi kwa chipukizi, karne baada ya karne. Hata migomba inayoota kando ya chemchemi za Kibwezi, katikati ya nyika kavu ya mibuyu, iko hapo kwa sababu mtu aliipeleka penye maji. Kusema ndizi ni "mchango wa Waindonesia" na kuishia hapo ni kumshukuru mwenye duka na kumsahau mpishi. Katani ya shamba la Dwa hapo Kibwezi ilitoka Mexico, na bado hakuna anayemwita mkulima wa Kibwezi Mmexico.

Saba: nani alipaye

Rai hii ina bili, nayo imelipwa na watu wanaojulikana. Jenerali Gallieni, aliyetawala Madagaska kwa niaba ya Ufaransa kuanzia 1896 hadi 1905, aliitumia kugawa kisiwa kwa kile alichokiita siasa ya makabila: Wamerina wa nyanda za juu, waliohesabiwa Waasia, huku, watu wa pwani, waliohesabiwa Waafrika, kule. Mpasuko huo umerithiwa na siasa za kisiwa baada ya uhuru wa 1960. Huko Imerina maneno ya weupe na weusi, fotsy na mainty, bado hubeba kumbukumbu ya nani alikuwa bwana na nani alikuwa mtumwa, na mara nyingi huamua nani anafaa kuoa wapi. Katika jamii ambayo Afrika imefafanuliwa kuwa utumwa, mtu mwenye nasaba ya Kiafrika ya miaka elfu hukosa njia ya kuisema bila kujishusha.

Desemba 1976, Mahajanga, mji uliojengwa na Wakomoro, Waswahili, Wahindi na Wasakalava pamoja, uliwageukia Wakomoro wake. Makadirio ya waliouawa yanapita elfu moja, na maelfu wengine walirudishwa Komoro kwa ndege za kampuni ya Sabena, hata wakaitwa Wasabena. Waliofukuzwa waliitwa wageni katika mji ambao babu zao walikuwa wakiingia na kutoka kabla ya mipaka kuchorwa.

Bili ya bara ni ndogo zaidi na ya kimya. Historia ya bahari hii ikisimuliwa kwa namna ya rai, watu wa Ukambani huingia ukurasani mara moja tu, karne ya 19, wakiwa na misafara ya Kivoi wa Mwendwa, kana kwamba kabla ya hapo nyika ilikuwa imefungwa kwa komeo. Msafiri Al-Masudi, aliyefika kisiwa cha Qanbalu kwenye pwani hii karibu mwaka 916, aliandika kwamba pembe za ndovu za nchi ya Zanj zilikwenda Oman, na kutoka huko India na China. Msimulizi Buzurg ibn Shahriyar alisimulia kwamba mwaka 945 watu wa Waqwaq, waliotoka visiwa vya mashariki, waliishambulia Qanbalu kwa mashua elfu moja. Elfu moja ni hesabu ya mtu anayepamba hadithi. Lakini sababu aliyoitoa inastahili kusikilizwa, kwa kuwa si ya kupambwa: walitaka pembe za ndovu, magamba ya kasa, ngozi za chui, ambari, na watu. Kasa na ambari ni vya baharini. Tembo na chui ni wa nyika, na nyika hiyo inaanza nyuma tu ya mikoko ya pwani na kuendelea hadi Tsavo, Mtito Andei na Kibwezi. Mabaharia wa Kiaustronesia waliofika pwani hii, kwa vita au kwa biashara, walikuja kuchukua kitu kilichowindwa, kilichobebwa na kilichopangiwa bei na watu wa bara. Mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba na wenzake wamechimba makazi ya kale ya Tsavo na kukuta humo shanga za kioo na makombe ya bahari, mbali na mawimbi.